Vitambaa vya Magokoro

Nilizifungua mwenyewe. Hakuna aliyenituma.

Ilikuwa wiki mbili baada ya kumzika magokoro, yaani nyanya yangu mzaa baba. Nilibaki nyumbani Nyamira, upande wa Kebirigo, kusaidia kupanga vitu vyake. Shangazi alikuwa ameenda sokoni, baba mdogo yuko nje akibishana na mwenye hema kuhusu viti viwili vilivyopotea. Mimi nikapewa jikoni. Darini, nyuma ya kuni zilizokauka hadi zikawa nyeusi, nikakuta kopo la Kimbo la kilo mbili. Lilikuwa zito. Nikalitikisa, likalia.

Ndani mlikuwa na mafundo manne ya vitambaa: jekundu, kijani, jeupe, na moja la kaki. Kila fundo lilikuwa limekazwa na mtu ambaye alijua kufunga kitu kisifunguke. Nikatumia meno. Dakika kumi baadaye nilikuwa na sarafu 64 kwenye sinia na vitambaa vinne sakafuni. Vile vitambaa nikavitumia kuwasha moto wa chai. Vilikuwa vinanuka moshi na vimechakaa, kwangu vilikuwa matambara tu.

Kisha nikaanza kazi niliyoipenda. Nataka nikueleze ilivyokuwa tamu, kwa sababu bila utamu huo hutaelewa kosa langu.

Sarafu za zamani za Afrika Mashariki husomwa kama kitambulisho. Unaanza na maandishi ya pembeni. Shilingi ya miaka ya 1920 ina kichwa cha mfalme na maneno GEORGIVS V REX ET IND:IMP. Ndiyo, ni Kilatini, na ile V katikati ya jina inasimama badala ya U, kama Warumi walivyoandika. Maana yake ni Joji wa Tano, Mfalme na Imperata wa India. Geuza upande wa pili: simba, na milima nyuma yake. Kwa hiyo bibi mmoja mkulima wa Nyamira, ambaye hakuwahi kuvuka Nakuru, alikuwa akishika mkononi Kilatini cha Roma, mfalme wa London, taji la India na simba wa mbuga, vyote kwenye kitu kimoja cha kununulia chumvi.

Kisha unaangalia jina linavyobadilika. Joji wa Sita naye alikuwa na IND:IMP. India ikapata uhuru mwezi wa Agosti 1947, na sarafu zilizofuata zikaandikwa GEORGIVS SEXTVS REX. India ikatoka pale. Hata mwaka ukifutika kabisa, maandishi yatakuambia kama sarafu ni ya kabla au ya baada. Rangi pia husaidia: hadi 1946 shilingi ilikuwa na fedha halisi, robo ya uzito wake, kuanzia 1948 ikawa shaba na nikeli. Na ukikaza macho utapata herufi ndogo za kiwanda: H ni cha Heaton, Birmingham, I ni Bombay, SA ni Pretoria, Afrika Kusini, wakati wa Vita vya Pili.

Halafu kuna zile za tundu. Senti moja, ndururu na peni za enzi ya ukoloni zilitobolewa katikati, na upande mmoja pembe za ndovu zinalizunguka tundu. Ukipata peni ya 1936, tafuta EDWARDVS VIII. Huyu alitawala chini ya mwaka mmoja, akaacha kiti ili amuoe mwanamke aliyempenda, hata taji hakuvishwa. Uingereza kwenyewe sarafu za uso wake hazikuwahi kuingia sokoni. Lakini huku kwetu sarafu ya tundu haikuhitaji uso, jina tu lilitosha, basi jina lake likafika hadi Daraja Mbili likinunua ndizi. Magokoro alikuwa nazo mbili. Nilipiga kelele peke yangu jikoni.

Nikapanga safu. Joji wa Tano hapa, Edward pale, Joji wa Sita mwenye India, Joji wa Sita asiye na India, Elizabeth na senti hamsini zake, yaani sumuni. Mwisho kabisa, sarafu tatu za Kenya huru zenye uso wa Kenyatta, zile za mwanzo, za 1966, kabla hawajaanza kumzungushia jina na cheo. Nikapiga picha. Safu zilinyooka kama chai ya kiwanda.

Shangazi akaingia na kikapu. Akatazama sinia muda mrefu. Hakusema "vizuri". Aliuliza kitu kimoja: "Na vitambaa viko wapi?"

*

Hebu tuende Roma kidogo, tutarudi jikoni.

Watu wanaopanga sarafu za Kirumi hufanya hivyo hivyo nilivyofanya, ila wao wamefanya kwa karne kadhaa na wamejaza vitabu vinene. Sarafu ya Kirumi kwa kawaida haina mwaka. Ina majina na vyeo vilivyofupishwa: IMP, CAES, COS, TR P. Hicho cha mwisho ni mamlaka aliyopewa mtawala na kuhesabiwa upya kila mwaka. Ukikuta TR P na namba, hesabu kutoka alipoanza, umepata mwaka. Kuna pia P P, Pater Patriae, Baba wa Nchi. Mkenya akisoma hapo lazima acheke kidogo.

Kwa muda mrefu Warumi hawakuweka uso wa mtu aliye hai kwenye sarafu zao za Roma. Waliweka miungu, mababu, magari ya farasi. Mwanzoni mwa mwaka 44 kabla ya Kristo uso wa Julius Caesar ukatokea, pembeni maneno yanayomtaja kuwa dikteta wa kudumu. Wiki chache baadaye akauawa kwa visu. Sisemi ni sarafu iliyomuua, lakini walioshika visu walikuwa wameona ilipokuwa ikielekea nchi.

Sisi nasi tumelipitia jambo hilo. Uso wa Kenyatta, kisha uso wa Moi, kisha Kibaki kwenye ile ya bob arobaini ya 2003, kisha Kenyatta tena. Mwaka 2010 tukaandika kwenye katiba, Ibara ya 231, kwamba noti na sarafu zisibebe picha ya mtu yeyote. Ilichukua hadi Desemba 2018 sarafu mpya zitoke: twiga kwenye shilingi, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi, ndovu kwenye ishirini. Ukiziweka kando ya shilingi ya 1921 utagundua kwamba mfalme ameondoka lakini simba amebaki.

Wengi wetu Kisii na Nyamira tulikutana na swali la mpanga sarafu kanisani, tukiwa watoto. Yesu anaombwa maoni kuhusu kodi. Anaomba aonyeshwe sarafu, anauliza picha na maandishi ni ya nani. Wanamjibu ni ya Kaisari. Nimesikia mahubiri mengi juu ya kisa hicho, karibu yote yakiishia kwenye kulipa kodi au kutoa zaka. Lakini siku hizi nikikisikia, nabaki kwenye lile jibu. Ni ya Kaisari. Kweli? Picha ni ya Kaisari, sawa. Lakini sarafu ile ilikuwa mfukoni mwa mtu. Alikuwa ameitolea jasho.

Fikiria sarafu moja maarufu ya Kaisari Vespasian. Jeshi la Roma liliangamiza Yerusalemu mwaka 70. Baadaye zikachapwa sarafu za ushindi: mtende, na chini yake mwanamke ameketi kwa huzuni, na maneno IVDAEA CAPTA, Yudea imetekwa. Nenda kwenye orodha yoyote ukaitafute. Utaipata chini ya jina la Vespasian. Mwanamke anayelia ndiye picha yenyewe, lakini jina la faili ni la aliyemliza.

*

Kisii yetu ilitekwa pia, na pesa ilikuwa ndani ya habari hiyo. Waingereza walikuja na bunduki mwaka 1905, wakafungua kituo Getembe, pale palipo mji wa Kisii leo, mwaka 1907. Kodi ya nyumba ilitakiwa. Mtu mwenye ng'ombe, wimbi na watoto alikuwa tajiri kwa hesabu za Abagusii, lakini kwa hesabu ya kodi alikuwa hana kitu mpaka apate rupia. Kuipata ilibidi auze mfugo au auze mikono yake. Januari 1908, Otenyo, ambaye simulizi zetu zinasema alichochewa na nabii Moraa, alimchoma mkuki Northcote, msimamizi wa wilaya, yule wazee wanayemwita Nyarigoti. Northcote alipona, na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Waliolipia ni wengine: msafara wa kijeshi uliua zaidi ya watu mia moja, ukachukua ng'ombe kwa maelfu.

Rupia zikaenda, florin ikaja mwaka 1920, shilingi ikafuata 1921. Na miaka hiyo hiyo serikali ikaanza kuwapanga watu kama ninavyopanga sarafu. Kipande kilikuja: kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka kumi na sita abebe karatasi yenye alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara, wengi wakiivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Wilaya yenyewe iliitwa Kavirondo Kusini, jina ambalo Mgusii hakujiita. Chukua mtu, mwandike pembeni, mweke kwenye safu. Kutoka hapo unaweza kumhesabu vizuri sana bila kumjua hata kidogo.

Sikuwa nimewaza haya yote jikoni. Nilikuwa nafurahia EDWARDVS.

*

Shangazi aliketi kwenye kigoda akanieleza polepole, kwa Ekegusii, kama mtu anayemweleza mtoto kwamba amevunja kitu ambacho hakitengenezeki.

Kitambaa chekundu kilikuwa cha chibesa kutoka Kericho. Babu alikuwa akichuma chai kwenye mashamba makubwa ya Wazungu, na alipotuma pesa, magokoro alikuwa akiweka moja pembeni kabla ya kutumia nyingine. Kila mara moja. Kijani kilikuwa cha pesa zake mwenyewe, za pareto na za wimbi. Cheupe kilikuwa cha kanisa. Cha kaki shangazi hakukijua. "Hicho alijua mwenyewe," alisema.

Sasa sikia vizuri ugomvi wa kwetu, kwa sababu ni wa zamani kuliko mimi. Babu alikufa mwaka 1971. Baba mdogo husema kwamba mzee alituma pesa hadi mwisho, na kwamba ndizo zilizowasomesha wote. Shangazi husema alinyamaza kabla yeye hajaingia darasa la kwanza, mwaka 1960, na kwamba karo yote ilitoka mgongoni mwa mama yao, kwenye pareto. Wote wawili wana nywele nyeupe. Kila Krismasi mmoja wao huondoka mezani. Haikuwa hesabu ya pesa. Baba mdogo anataka kuwa mtoto wa mtu aliyewakumbuka. Shangazi anataka mama yake apewe jina lake.

Na jibu lilikuwa kwenye kopo.

Wanaochimba mabaki ya kale wana kanuni rahisi. Ukikuta chungu cha sarafu kimefukiwa, tafuta sarafu iliyo mpya kuliko zote. Chungu hakiwezi kuwa kimefukiwa kabla ya hiyo kuchapwa. Ndiyo maana wanalia chungu kinapochimbwa na mtu mwenye haraka, sarafu zikauzwa moja moja. Kila sarafu bado inasomeka, jina la mfalme lipo, bei ipo. Kilichopotea ni kwamba zilikuwa pamoja.

Sinia langu lilikuwa na sarafu tatu za Kenyatta. Kama hata moja ilitoka kwenye kitambaa chekundu, basi babu alituma pesa baada ya uhuru, na baba mdogo amesema kweli. Kama kitambaa chekundu kiliishia kwa Elizabeth wa miaka ya hamsini, shangazi angekuwa na kitu cha kuonyesha. Kisingekuwa ushahidi kamili, najua. Magokoro angeweza kutumia chache siku ya njaa, angeweza kuchoka kuweka. Lakini kingekuwa kitu, mahali ambapo kwa miaka sitini hakukuwa na kitu ila maneno.

Waliniuliza wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, kama nakumbuka. Baba mdogo aliuliza kama utani. "Zile za Mzee Kenyatta, zilitoka kwa gani?" Sikumbuki. Nilimwaga yote kwenye sinia kwa mkupuo, nikipenda mlio wake.

*

Rafiki yangu mmoja wa Nairobi niliyemsimulia alinitetea. Alisema: hukujua. Alisema pia kwamba kupanga si dhambi. Bila mpangilio wako hizo zingebaki vyuma kwenye kopo, na hata hiyo kanuni ya sarafu mpya kuliko zote isingewezekana bila mtu anayejua kusoma GEORGIVS SEXTVS.

Hoja yake ina uzito, na sitaki kuikwepa. Mpangilio wa magokoro peke yake nao usingejibu swali. Yeye hakusoma Kilatini, hakujua India imetoka kwenye pindo la shilingi. Kwake zilikuwa za Kericho, za pareto, za Mungu. Na mpangilio ulioishi kichwani mwa mtu mmoja humfuata kaburini: hebu ona kile cha kaki. Kwa hiyo siwezi kusema orodha za vitabu ni za uongo na mafundo ya bibi ndiyo ukweli. Kila mmoja ulihitaji mwenzake. Mmoja unajua sarafu ilitoka lini kiwandani. Mwingine unajua iliingia kwa nani na kwa ajili gani. Jibu la ugomvi wetu lilikuwa pale mipangilio hiyo miwili inapokutana, na mimi nikaondoa mmoja ili mwingine upendeze.

Lakini hilo la "hukujua" ndilo ninalolikataa. Niliona vitambaa. Viliwekwa rangi nne. Vilifungwa kwa nguvu. Mtu yeyote angejua kwamba mtu fulani amepanga kitu hapa. Nisichokijua ni maana yake, na niliposhindwa kuiona maana nikahitimisha kwamba haipo. Hapo ndipo kosa lilipo, kabla hata ya kufungua fundo la kwanza. Mpangilio ulio na wafalme na miaka nikauita elimu. Mpangilio wa mwanamke ambaye hakupelekwa shule nikauita matambara.

Na sikulivumbua mimi. Ni kosa lile lile la karani aliyefika Getembe akaona watu wasio na rupia, akaandika kwamba hawana kitu. Aliyenifundisha kutazama hivyo sijui ni nani hasa. Nilisoma shule nzuri. Ninachojua ni kwamba nilikuwa mjukuu wake, nimekula ugali wake wa wimbi, na bado nilifanya.

Mara nyingi tunafikiri swali la maadili huja tunapochagua kati ya wema na ubaya. Kumbe mara nyingine huja ukiwa na furaha, unafanya kazi safi, unajifunza. Hakuna aliyekuwa akilia jikoni siku ile. Kuna sinia, mwanga wa dirishani, na kijana anayependa kujua. Kupenda kujua ni kuzuri. Ila kuna kujua kunakouliza kwanza aliyepanga alikuwa akijua nini, na kuna kujua kunakofika na sinia lake tayari. Tofauti kati ya hizo mbili, kwangu, ilikuwa kumsubiri shangazi saa moja arudi kutoka sokoni.

*

Mnunuzi mmoja wa Nairobi aliona picha zangu na akataja bei, hasa kwa zile mbili za Edward. Si bei mbaya. Baba mdogo alisema tuuze tumalizie deni la hema na vile viti. Shangazi alinyamaza. Mwishowe hatukuuza, angalau bado.

Nilinunua vitambaa vinne pale mjini Nyamira, rangi zile zile, nikampelekea shangazi. Alivikunja akaviweka pembeni. Alisema vizuri tu kwamba hajui aweke nini wapi, na kwamba hatafunga uongo.

Kwa hiyo sarafu zimerudi kwenye kopo la Kimbo zikiwa zimechanganyika. Juu yake nimeweka karatasi. Nimeandika zilikuwa ngapi, za wafalme gani, za miaka gani. Nimeandika kwamba kulikuwa na vitambaa vinne na kila kimoja kilikuwa cha nini, kama alivyonieleza shangazi. Na maneno ya baba mdogo pia, kama alivyoyasema, kwa sababu sina haki ya kumwondoa naye. Kwa kitambaa cha kaki nimeandika: mwenyewe alijua. Mwisho nimeandika jina langu na tarehe, na kwamba mimi ndiye niliyezichanganya.

Hiyo karatasi nimeipa shangazi aisome kabla sijafunga kopo. Alisoma hadi mwisho, akachukua peni moja ya tundu kwenye rundo, akaifunga kwenye pindo la leso yake. Nilimuuliza hiyo ilikuwa ya kitambaa gani. Akasema hajui, lakini kuanzia leo ni ya cheupe.

Safari hii niliuliza kwanza kama naweza kuandika hilo. Akakubali.